Aliyoyasema Babu Chumbani

Zuena, siamini. Sasa hivi bibi kapigiwa simu ya kampeni, wakamtaja kwa jina lake kamili. Kaitupa simu kwenye kinu!

Eti uchaguzi wa mwaka hamsini na tisa, kule kijijini Ruponda, babu alimnong'oneza atakayempigia kura. Chumbani, shoga! Chumbani!

Kesho yake akaja kungwi wa bibi, yule aliyemfunda unyagoni, akamuuliza. Kungwi hafichwi kitu. Bibi akasema.

Kumbe kungwi katumwa na watu wa kampeni! Wakamfuata babu shambani, wakamrudishia maneno yake yale yale.

Babu hakumpiga, hakumwacha. Ila chumbani hakumsemesha tena, mpaka anakufa.

Sasa bibi ananikazia macho: "Jina langu wamelipata wapi? Safari hii wamekutuma wewe?"