Vidole vya Atija

Hashimu mwanangu,

Muhogo uko jikoni, nimeufunika. Mwambie mwalimu wa kisomo cha jioni leo sitafika darasani.

Asubuhi nilikwenda na mkeo Atija kusajili laini, apate intaneti asikie habari za vita vya kwao Palma, ng'ambo ya mto, maana simu yako unamnyima. Mashine ikakataa vidole vyake mara tano. Mafuta ya maganda ya korosho nilizompa abangue yameviunguza. ~~Nilisahau kumwambia~~ Sikumwambia apake majivu mikononi. Nilitaka aumie ndipo ajifunze, kama mimi zamani. Mungu anisamehe.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Mama, wiki ya tatu sijui kama ndugu zangu ni wazima."

Tumekwenda Mahurunga, pale mtoni redio ya ng'ambo inashika. Redio tumechukua yako, mpira kausikilize kwa jirani.

Korosho zilizobaki usimwachie. Nitabangua mwenyewe.

Mama yako