Jina ambalo bibi hakulitamka, sasa wanataka kuliandika kaburini kwake

Mpendwa Mama Modesta, naomba msaada wako kabla ya Krismasi, maana baada ya hapo saruji itakuwa imekauka na hakuna ushauri utakaofaa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kyimo, nimelelewa na bibi mzaa baba, Sekela, tuliyemzika mwezi wa sita, na tangu hapo usingizi sipati, si kwa kilio tu bali kwa jambo aliloniachia.

Bibi aliolewa na mtoto wa mzee Ifula, na kwa Kinyakyusa ifula ni mvua, na mwanamke wa zamani hatamki jina la baba mkwe wake, tena akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Sasa fikiria, Mama, mtu anaishi Rungwe ambako mvua hainyamazi, na neno lenyewe haruhusiwi kulisema! Basi bibi akaazima la Kiswahili. Kiswahili hakukijua, lakini katikati ya Kinyakyusa chake utamsikia, "mvua, mvua," halafu kwa Kinyakyusa anatuambia tuanue nguo, nami nikakua nikidhani hilo ndilo neno letu mpaka wenzangu waliponicheka. Siku moja nilimpeleka zahanati, nikabaki mlangoni nafunga mwavuli, karani akamuuliza, "Sekela nani?" bibi akanyoosha kidole juu, kunakotoka mvua, karani akaandika kwenye kadi "Sekela Juu", na bibi aliicheka kadi ile mpaka anakufa. Nilimpenda sana bibi yangu, Mama, hapa naandika machozi yananitoka.

Alipougua mara ya mwisho alinishika mkono akasema, "Mwisukulu, mjukuu wangu, lile jina lisije likanilalia kifuani." Nikamwahidi halitamlalia. Sasa baba mkubwa Meshaki, ambaye tangu biashara iwe huria anapeleka ndizi Dar es Salaam kwa lori lake mwenyewe, ameleta saruji na vigae ili kaburi lijengewe ukoo wote ukiwa nyumbani kwa sikukuu, na ameagiza fundi aandike kwa herufi kubwa SEKELA MWAIFULA, kwani ndilo jina letu la ukoo, tena mimi ndiye niliyepangiwa kusoma historia ya marehemu, nilitaje jina hilo mbele ya watu, bibi akiwa pale chini. Nilipojaribu kumweleza alinikatiza, "Tupokigwe, mwanangu, hayo ni mambo ya kipagani. Mama alikuwa Mkristo. Aliolewa hapa, atalala kwa jina la hapa." Nikinyamaza nimemsaliti bibi, nikisema nitaonekana naudharau ukoo ulionisomesha, na hakuna mwingine aliyeyasikia maneno yale. Nifanyeje?

Tupokigwe, Kyimo

MAMA MODESTA ANAJIBU:

Pole kwa kufiwa, Tupokigwe. Sasa futa machozi nikugombeze. Umeahidi tangu mwezi wa sita, umesema mara moja tu, umekatizwa, ukaufyata. Na wanafunzi wako wakikukatiza unaacha kufundisha?

Unadai huna shahidi. Unao, tena ndio wanaokupikia chai. Mke wa baba yako mkubwa naye ni mkwe katika nyumba hiyo. Muulize baba mkwe wake, yaani babu yako, aliitwa nani, uone atakavyoinama na kuanza kusonga ugali ulioiva zamani. Huyo ndiye wa kwenda naye kwa Meshaki, mapema, kabla wageni hawajajaa na kabla fundi hajashika mwiko. Mwambie kwa adabu, "Baba mkubwa, mama mkubwa hajawahi kulitaja jina la babu hata siku moja. Naye ni mpagani?" Kisha nyamaza, mwache ajibu mbele ya mkewe. Usimtukane wala usimwite bahili wa heshima. Anampenda mama yake, ndiyo maana ametafuta vigae.

Juu ya kaburi liandikwe SEKELA, na jina la baba yake mzazi, kwa kuwa alikuwa mtoto wa watu kabla hajawa mkwe wa watu. Meshaki aking'ang'ania jina la ukoo, basi likae upande wa miguu. Bibi yako alimpisha mzee Ifula njiani maisha yake yote, sasa ni zamu ya mzee kumpisha yeye. Na wewe ukiwa unasoma historia, ukifika penye jina hilo mpe Meshaki karatasi. Ni babu yake, alisome mwenyewe.

Na kwa kuwa ni Desemba, na ni Rungwe, itanyesha kabla hamjamaliza. Fundi afunike saruji kwa turubai. Wewe usikimbilie mwavuli. Inama pale kaburini umwambie kwa lile neno lake, "Bibi, mvua."