Dawa Imemkosa Baba

Satellite, Riruta,
Nairobi.
8 Juni 2025.

Mpendwa kaka Njuguna,

Hamjambo huko Kanada? Kile kifua kimepona, ama bado unamkosesha wifi Debra usingizi kwa kukohoa? Sisi tuko wazima kimwili, Mungu ashukuriwe. Mama magoti yanamsumbua na baridi hii ya Juni, lakini ulimi wake hauna ugonjwa.

Vile vyumba vya nyuma vimepata wapangaji, watu wapole kutoka Kisumu. Matope yamefika mlangoni.

Sasa keti nikuambie ya Baba. Unaukumbuka ule mpango wa serikali wa magonjwa ya ubongo niliousikia redioni? Baada ya kuzungushwa sana, walituita kliniki yao mjini. Tulikuta hema jeupe, mabango, na mheshimiwa akituambia kwamba ubongo wa Mkenya ni mali ya taifa. Tukapiga makofi. Nilikuwa nimemvalisha Baba suti ya kanisa, kwa vile niliamini tutarudi na ile dawa mpya ya usahaulifu waliyoitangaza.

Daktari, msichana mpole, alimuuliza huu ni mwaka gani. Baba akajibu kwamba ni wakati wa Emajensi ya mkoloni, na kwamba daktari asithubutu kutoka nje bila kipande, kile kitambulisho cha Mzungu. Daktari akanigeukia. "Hii kitu ilianza lini, mami?" Nikamwambia mwaka jana, alipopotelea mtaa wa Jamhuri akitafuta zizi la mbuzi. "Na before hapo, hakuna kitu mliona?"

Hapo nikakumbuka simu zako za miaka ile. Kila ulipopiga, Baba alisimama, akavua kofia, akakueleza mbuzi wamelala vipi, kisha akakuomba ruhusa ya kwenda kulala. Tulivunjika mbavu! Wewe mwenyewe ulimjibu, "Sawa kijana yangu, enda ulale." Una jina la babu, na kwetu mwenye jina la babu huitwa baba na mzazi wake mwenyewe. Mzee gani asiyemtania mwanawe hivyo? Tukasema Baba anajua mila. Kumbe hakuwa akitania, Njuguna. Aliamini anaongea na babake, ambaye tulimzika kabla sijaanza shule.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hatukuficha, tulishangilia.

Dawa hiyo huwafaa wanaoanza tu. "Pole sana," daktari aliniambia. "Angekuja ile time ya simu, tungejaribu." Ile time ya simu serikali yenyewe ilikuwa haijui kama tuna ubongo! Nimewalaani, nimejilaani, na haikusaidia. Tulirudi nyumbani jinsi tulivyotoka. Sina tumaini lingine, na tafadhali usiniambie nizidi kuomba.

Njoo, kaka. Usingoje mazishi. Mimi ninayemwogesha na kumlisha ameshanisahau. Jana aliniuliza kwa adabu nimeajiriwa na nani. Nililia jikoni.

Mama anakusalimu na kukulaumu kwa pumzi moja. Msalimie Debra, na umbusu mwanao Zachariah mdogo kwa niaba ya Baba, mwenye jina. Mungu awafunike nyote huko ugenini.

Ila wewe Baba hajakusahau. Kila jioni ananikataza kufunga lango, eti babake yuko njiani. Njoo basi, hata kama si wewe atakayemwona.

Dada yako akupendaye, anayekungoja pamoja naye,
Waithera