Jiwe la Zizini

Kwa Baba yangu mheshimiwa, Mzee Basu,

Nakuamkia kwa adabu zote, nikitumaini magoti hayakusumbui kwa baridi hii ya milimani, na kwamba kikohozi cha Mama kimepungua. Sisi huku Kasablanka tu wazima wa mwili. Moyo ndio mgonjwa, Baba, na leo siufichi.

Unakumbuka mume wangu aliponiacha kwako na mimba ya Tuda, yeye akitafuta kazi. Mkunga wa zahanati alinipima mkojo, akakwambia nina upungufu mkubwa wa iodini, madini yanayokuza ubongo na masikio ya mtoto tumboni. Chumvi ya machimbo yetu haina, akasema, ndiyo maana shingo ya Mama imevimba; nile ya pakiti, iliyotiwa iodini. Ulicheka mpaka chai ikakupalia! Ukamjibu kwamba ukoo wa chumvi haununui chumvi, tena ile shingo nene ya Mama ndiyo iliyokutia wazimu ujanani. Nami nikacheka, maana binti hamuaibishi babake mbele ya mgeni.

Tuda ana miaka minne sasa. Hasikii, hasemi, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Watu waliniambia ni kazi ya Mungu, nikaitikia.

Kisha nikaja kwako Sikukuu ya Kuchinja. Nilimkuta Tuda zizini analamba jiwe jekundu lililoning'inizwa kwa waya, yeye na kondoo wenye mimba. Kaka Zayid akanieleza hivi hivi tu, kwamba hilo ni jiwe la madini, lina iodini. Daktari wa mifugo alikuagiza ununue baada ya wanakondoo kuzaliwa bila sufi, shingo zimevimba. Nikamuuliza lini. Akasema mwaka mmoja kabla sijashika mimba.

Kumbe ulijua, Baba! Ulijua, ukawapa kondoo.

Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini mguu uliota tende si wako, ni wa mwanangu. Na sasa mke wa Zayid ni mjamzito, anakula chumvi ile ile. Nimemtumia pakiti, usiitupe. Kama heshima ya ukoo haiivumilii jikoni, basi mfungulie zizi, naye akalambe.

Nisalimie Mama na wote nyumbani. Salamu za Tuda sina. Jina lako hajapata kulisikia.

Ni mimi binti yako,
Ittu