Jina Lako Kwenye Fomu ya Reli

Kambi ya Reli, Nakuru
14 Agosti 1956

Kwa dada yangu mpendwa Nabalayo,

Pokea salamu zetu, wewe pamoja na mama na wote hapo Kimilili. Natumaini ile homa imekuachilia na sasa unaweza kushika jembe. Huku sisi ni wazima. Mtoto ameota jino, na mke wangu Eucabeth anakusalimu sana.

Dada, keti kwanza ndipo usome. Mimi niliyekuwa nafagia majivu, tangu mwezi jana nachochea moto wa gari la moshi kutoka hapa mpaka Rongai na kurudi! Mabwana wakubwa wanafika kwa wakati kwa jasho la Wasike.

Kwa cheo hiki nilipewa fomu yenye mstari wa mnufaika. Nikaandika jina langu, tena kwa mwandiko mzuri. Karani Achola alicheka mpaka akavua miwani, akaniuliza kama nitafufuka nije kupokea. Akanieleza kwamba mnufaika ni yule atakayepewa mafao yangu nikifa, yaani anayefaidi jasho la mwingine. Niliona haya, akanipa fomu nyingine niende nayo nyumbani.

Baba mdogo Nyongesa alikuwa amekuja kututembelea, akasema jina ni lake. Nilipokutaja wewe akaruka. Eti binti aliyerudi nyumbani mjane, akakataa kurithiwa na shemeji yake, hana fungu kwa babaye, na hata katika hicho kibanda unamolala utatolewa. Lo, nilichemka! Nikamwambia ng'ombe nilioolea mke waliingia bomani siku wewe ulipotoka. Eucabeth, ambaye unajua hasemi sana, akasema nusu iwe ya dada na nusu ya mtoto, kwani bila wewe yeye asingekanyaga nyumba hii. Nyongesa alibeba fimbo yake akaenda bila kumaliza chai.

Sasa nikwambie jambo nililolificha miaka saba. Kabla hujaolewa nilikusikia jikoni ukilia, ukimsihi mama usipewe mzee yule. Baba aliniuliza kama kuna neno. Mimi, niliyekuwa nimeshampenda Eucabeth na nawataka wale ng'ombe, nikajibu kwamba dada anafurahi. Ningesema kweli, baba angesikia. Nisamehe, dada yangu. Tena ile fomu ya kwanza sikukosea sana.

Jina lako limepigwa chapa kwa mashine, Nabalayo binti Wekesa, na nakala imo humu. Nyongesa akija, mwonyeshe. Usihame hapo, boma la baba ni lako kama lilivyo langu. Desemba nitakuja na mabati nikiezeke hicho kibanda kwa mikono yangu, watu wote wakiona.

Mwambie mama nakumbuka uji wake. Mungu awatunze.

Ni mimi ndugu yako, mnufaika wako,
Jonah Wasike