Mhunzi wa Buna Hapewi Mke

Baba yangu mpenzi,

Nakubusu mkono nikiwa mbali. Kifua chako kimepoa, au moshi wa mkaa bado wakusumbua? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio umechafuka, na sina wa kumwambia ila wewe.

Huku Buna kazi ya Bwana Shauri wa serikali ipo tele: bawaba, misumari, ndoo za visimani. Wenyeji nao huniletea mikuki na visu, wakaanza kuniita tumaal. Nikaambiwa ndiyo mhunzi kwa lugha yao, nikalipokea jina kwa furaha kama mjinga. Kwetu Siyu mhunzi huketishwa mbele arusini, na akina mama hukuomba maji uliyozimia chuma wawanyweshe watoto wenye homa. Nikadhani mhunzi ni mhunzi popote.

Kuna mjane hapa, Halima, auzaye maziwa bomani. Tulipendana kwa heshima, akaniambia nikaseme na kaka zake. Nikafua kisu, baba, kisu ambacho wewe ungekikagua usione kasoro, nikaenda nacho kuposa. Kaka mkubwa hakukishika. Alikisukuma kwa fimbo mpaka miguuni pangu.

“Warya, wewe, kazi yako fizuri,” akasema kwa Kiswahili cha kwao, “lakini tumaal habewi dada yetu. Hata sahani moja hatuli na wewe.”

Ndipo nikaelezwa. Jina lile ni la mhunzi, na ni la mtu asiyepewa mke, na ni tusi la kumkemea mtoto asiye na adabu. Nimekasirika, baba, sikufichi. Msikitini tunasimama bega kwa bega, na mikuki yao yote imepita mikononi mwangu!

Halima aliniomba, akilia, niache nyundo nifungue duka, watu watasahau. Nilimwambia mimi sijui kupima sukari.

Juzi alikuja mchumba wake mpya na shoka lililopasuka. Anakata miti ya kujengea nyumba yao. Nililifua upya, nikalinoa likanyoa nywele za mkono, maana hukunifunza kazi mbovu. Nikaliweka chini, akaliokota, ili tusigusane mikono.

Nisalimie dada yangu na wanawe, na mjomba mwalimu wa chuo. Mama naye msalimie sana. Akiuliza habari za posa, mwambie sijapeleka bado.

Mwanao,
Athmani, mhunzi