Tundu kwenye Sarafu ya Vesta

Kabanga, Jumanne

Ameitoboa. Sarafu yangu ya Kirumi, ya fedha halisi, imepita mikononi mwa watu karne na karne bila tundu, mpaka ilipofika kwa fundi baiskeli wa hapa Kabanga.

Juzi Mama Anitha, jirani yangu, aliikuta mezani. Kuona juu yake sura ya mwanamke aliyejitanda ushungi, akasema ni medali ya Bikira Maria, akaomba akasali nayo. Sikumkatalia. Nani mwingine anabisha hodi kwangu siku hizi?

Leo jioni kairudisha, kumbe kaipeleka kwa fundi, ikining'inia kwenye uzi mweusi.

"Vaa shingoni, Mwalimu. Usiwe unalala peke yako."

Nilimfokea. Nikamwambia, kwa sauti ile ya darasani, kwamba huyo si Maria, ni Vesta, mungu wa kike aliyewalindia Warumi moto wa jikoni, na alichoshika ni sahani ya kumiminia sadaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachungulia jikoni kwangu.

"Sasa mungu wa moto atakaaje humu, Mwalimu? Mafiga yamejaa utando wa buibui."

Tangu nimzike mke wangu nakula chapati za stendi.

Akatoka bila kuaga. Nikajua nimemuudhi, na yeye sasa hatakuja tena. Lakini alirudi na makaa ya moto kwenye kigae, akayapanga kati ya mafiga, akapuliza, akaenda zake.

Sarafu ninayo shingoni, ya baridi. Nimebandika maji ya chai. Ya vikombe viwili, kwa mazoea.